Mazoezi Yakikatika: Tafuta Chanzo Kabla ya Kujiita Mvivu

Mtu akiacha mazoezi, neno la kwanza linalomjia mdomoni ni uvivu. Akishajiita mvivu hatafuti tena chanzo. Anangoja Jumatatu nyingine au mwezi mwingine aanze upya kwa hasira, na ratiba anayoirudia ni ileile iliyomshinda. Msimamo wetu ni kwamba ari ikishuka, hiyo ni dalili tu. Chanzo mara nyingi kipo kwenye ratiba, kwenye kiasi cha mazoezi, kwenye usingizi au kwenye kiungo kinachouma, na vyote hivyo vina dawa.

Kabla ya kwenda kwenye dalili, chukua karatasi uandike mambo matatu kuhusu wiki 4 zilizopita. La kwanza, siku ulizopanga kufanya mazoezi na siku ulizofanya kweli. La pili, kipindi cha mwisho kabla hujaacha kilikuwaje: kilichukua dakika ngapi, ulinyanyua kilo ngapi au ulikimbia muda gani, na kilikuwa kigumu kiasi gani kwa kadirio la 0 hadi 10. La tatu, siku ya kwanza uliyokosa: saa ile ulikuwa wapi na unafanya nini? Hili la tatu ndilo lenye habari nyingi kuliko yote. Watu hukumbuka kwamba "waliacha", ila siku waliyoanza kuacha wameisahau, na chanzo kimejificha hapo hapo.

Ukishapata dalili yako, badilisha jambo moja tu, kisha lijaribu kwa wiki 2. Ukibadilisha matano kwa mpigo hutajua lipi limesaidia na lipi limeharibu.

Kwanza hakikisha si ugonjwa

Kifua kuuma au kubana wakati wa mazoezi, kuzimia au kukaribia kuzimia, moyo kudunda ovyo, pumzi kukatika kuliko kazi unayofanya: simama, nenda kwa daktari. Usijaribu kipindi kingine ili uone kama itapita. Mkojo wa rangi ya kahawia iliyokoza baada ya mazoezi makali, huku misuli imevimba na inauma kupita kawaida, maana yake misuli imeharibika na inamwaga vitu vyake kwenye damu, na figo zinaweza kuumia. Hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Zipo pia dalili za taratibu. Uchovu wa wiki nyingi usioondoka hata ukilala vizuri unaweza kutokana na upungufu wa damu, upungufu wa madini ya chuma, tezi ya thairoidi iliyolegea au kisukari, na vipimo vya kawaida vya damu huonyesha. Mwanamke anayefanya mazoezi mengi, hana mimba, na hedhi imekatika kwa miezi 3, mara nyingi mwili wake haupati chakula kinacholingana na kazi anayoufanyisha, na mifupa hudhoofika kimyakimya. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii mwaka 2014 na kusema wazi kwamba inawapata wanaume pia. Hapo hakuna ratiba wala nidhamu itakayosaidia kabla ya kuongeza chakula.

Dalili: unaanza kwa kishindo, wiki ya tatu umeacha

Chanzo cha kawaida ni kiasi kikubwa mno. Ratiba ya siku 6 kwa wiki, saa nzima kila siku, kwa mwili uliokaa miezi bila kazi. Misuli isiyozoea huumia zaidi inapofanya kazi huku inarefuka, yaani unaposhuka kwenye skwoti (kuchuchumaa na kusimama), unapoteremsha chuma au unapokimbia mteremko. Maumivu yake hayaji papo hapo, hufika kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Aliyejimaliza Jumatatu anaumwa zaidi Jumatano, ambayo ndiyo siku ya kipindi cha pili. Anafika hawezi hata kukaa kwenye kiti, analazimisha, na kufikia wiki ya tatu mwili wake umeshaungana na akili kukataa.

Sababu ya pili ni ukali. Watafiti wa saikolojia ya mazoezi, akiwemo Panteleimon Ekkekakis, wameonyesha kwamba watu hutofautiana wanavyojisikia katika mazoezi ya kadiri, lakini ukali ukivuka kiwango ambacho pumzi haidhibitiki tena, karibu kila mtu hujisikia vibaya. Na jinsi unavyojisikia ukiwa mazoezini inachangia sana kama utarudi. Kumkamua anayeanza mpaka atapike ni ukocha mbaya, hata kama unapendeza kwenye video.

Rekebisha hivi. Siku 3 kwa wiki, kila moja ikitenganishwa na siku ya kupumzika. Dakika 25 kwa jumla: 5 za kupasha mwili kwa kutembea haraka na kuzungusha viungo, 15 za kazi, 5 za kutembea taratibu. Kwenye zile 15 fanya skwoti 8, pushapu 6 (mikono ikiwa juu ya meza imara au ukutani kama za sakafuni bado nzito), kuinua nyonga ukiwa umelala chali mara 10, na planki (kujishikilia kwa viwiko na ncha za miguu, mwili umenyooka) ya sekunde 20. Pumzika sekunde 60 hadi 90, kisha rudia mzunguko mara moja. Kila seti, yaani kila kundi la marudio ya zoezi moja, iishie pale unapohisi ungeweza kufanya marudio 3 zaidi. Hiyo akiba ya 3 usiile.

Kwa anayekimbia: dakika 1 ya kukimbia, dakika 2 za kutembea, mara 8. Kasi sahihi ni ile unayoweza kutamka sentensi nzima bila kukata katikati ili uvute hewa. Ukishindwa kuimaliza sentensi, punguza mwendo hata kama wapita njia wanakupita kwa miguu.

Ukimaliza vipindi 2 mfululizo huku akiba ipo, ongeza rudio 1 au 2 kwa kila zoezi. Wiki ya 3 ongeza mzunguko wa tatu, si kabla. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linapendekeza watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, pamoja na kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Hicho ni kituo unachokiendea. Miongozo hiyohiyo inasema kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na wiki za kwanza kidogo ndicho kinachotakiwa.

Dalili: ulikosa siku moja, ikawa wiki, ikawa mwezi

Hii ndiyo dalili tunayoiona mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Kukosa siku moja hakuharibu kitu mwilini. Kinachoharibu ni hesabu inayofanyika kichwani: "nimeshaharibu, basi tena". Mtu aliyejiwekea sharti la kutokosa hata siku moja amejenga ratiba ambayo kosa la kwanza linaiua yote.

Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea mazoea mapya. Mazoea yalichukua wastani wa siku 66 hadi yafanyike bila kujilazimisha, na tofauti ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Waliona pia kwamba kukosa nafasi moja hakukuathiri kwa maana yoyote ujenzi wa mazoea. Kwa hiyo anayedai kwamba siku 21 zinatosha anakutayarishia kukata tamaa siku ya 22.

Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha jaribio kubwa lililoongozwa na Katherine Milkman na Angela Duckworth, lenye wanachama zaidi ya 61,000 wa jimu nchini Marekani na mbinu 54 tofauti za kuwahimiza. Iliyoongoza ni ya zawadi ndogo mno, tena ya ziada, kwa mtu aliyerudi baada ya kukosa kipindi. Fikiria hilo. Zawadi ilikwenda kwa kurudi.

Kwa hiyo ratiba yako iwe na njia ya kurudi iliyoandikwa tangu mwanzo:

- Andika kipindi cha dharura cha dakika 10 kinachofanyika chumbani, bila kifaa, hata umevaa nguo za kulalia. Mfano: skwoti 10, pushapu 5, kuinua nyonga 10, kutembea pale pale dakika 1, mzunguko wote mara 3. Kipindi hiki kinahesabika kama kipindi kamili. Ukikidharau hutakifanya.
- Ukikosa siku, kipindi kinachofuata ni kile kilichomo kwenye ratiba, kwa kiasi chake cha kawaida. Usilipe deni. Anayefanya vipindi viwili kwa siku moja ili kufidia anajipa maumivu ya saa 48 na sababu mpya ya kukosa.
- Usikose mara 2 mfululizo. Mara ya pili ikikaribia, fanya cha dharura, hata saa 4 usiku.

Kwenye daftari, acha kuhesabu siku mfululizo. Ule mnyororo wa alama za vema unavutia mpaka siku unapokatika, kisha unageuka kuwa ushahidi dhidi yako. Chora safu nne: siku, kilichopangwa, kilichofanyika, na pengo, yaani vipindi ulivyokosa mfululizo kabla ya kurudi. Mstari mmoja unaweza kusomeka "Jumanne, miguu, sikufanya, wageni". Unaofuata, "Alhamisi, mgongo, dharura dakika 10, pengo 1". Safu ya pengo ndiyo utakayoisoma mwisho wa mwezi. Kama mwezi uliopita kulikuwa na pengo moja la 6, na mwezi huu mapengo ni 2, 1, 2 na 1, umepiga hatua kubwa hata kama idadi ya vipindi ulivyokosa ni ileile.

Dalili: nia unayo, saa ikifika unajikuta umekaa

Hapa ratiba inasema "nitafanya mazoezi jioni". Jioni ina urefu wa saa tano au sita, na kila moja ina mwenyewe. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna ya "likitokea hili, nitafanya hili", na tafiti nyingi baada yake zimeonyesha kwamba mpango wa aina hiyo hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Siri ni kuchagua tukio ambalo tayari hutokea kila siku bila wewe kulikumbuka. "Nikivua viatu vya kazini, navaa vya mazoezi kabla sijakaa" ni mpango. "Nikipata nafasi" si mpango.

Angalia sana hiyo "kabla sijakaa". Kwenye ile karatasi ya mwanzo, watu wengi watakuta siku ya kwanza waliyokosa walikuwa wamekaa na simu mkononi, na hawakuwahi kuamua kutofanya. Saa ilipita tu.

Kisha hesabu vikwazo vilivyopo kati ya kusema "sasa" na rudio la kwanza. Nguo ziko kwenye kikapu cha kufuliwa? Mkeka uko nyuma ya kabati? Hujui leo ni zamu ya zoezi gani? Kuamua zoezi papo hapo ni kikwazo kikubwa kuliko kinavyoonekana, kwa sababu uchovu hufanya maamuzi kabla yako. Andika usiku uliotangulia: mazoezi, seti, marudio, kilo. Nguo zikae juu ya kiti. Lengo ni kuanza ndani ya dakika 5 tangu tukio lako litokee.

Jipe pia ruhusa ya kweli ya kuacha baada ya kupasha mwili. Ukipasha mwili dakika 5 na bado unajisikia hapana, nenda zako, na uandike kwamba ulianza. Mara nyingi utaendelea, lakini ruhusa iwe ya kweli, la sivyo akili itagundua mtego na kugoma mapema zaidi.

Asubuhi au jioni? Chagua saa ambayo watu wengine wanaihitaji kidogo. Ukifanya jioni, ziwe zimepita saa 2 au 3 tangu mlo mzito.

Njia nyingine inayosaidia ni kufunga pamoja jambo unalolipenda na mazoezi, mfano kusikiliza hadithi au kipindi cha sauti unachokifuatilia ukiwa mazoezini tu. Katika utafiti wa Milkman uliochapishwa mwaka 2014 mbinu hii iliongeza mahudhurio ya jimu mwanzoni, lakini ikapungua nguvu baada ya mapumziko ya sikukuu. Maana yake: kila baada ya safari au likizo, anzisha upya hadithi nyingine. Usitegemee ile ya zamani ikuvute.

Dalili: unafanya kila wiki, huoni mabadiliko

Tafuta kwanza unapima nini. Mzani wa asubuhi moja haukuambii kitu, maana uzito hupanda na kushuka kilo 1 hadi 2 kwa siku chache kutokana na maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni na mzunguko wa hedhi. Anayeanza vyuma anaweza hata kuongezeka kidogo, kwa kuwa misuli iliyofanyishwa kazi huhifadhi maji. Kama lazima upime uzito, pima kila asubuhi na ulinganishe wastani wa siku 7 na wastani wa siku 7 zilizotangulia. Kiuno kipimwe kwa futi ya fundi cherehani kila wiki 4, usawa wa kitovu, baada ya kutoa pumzi kawaida.

Jambo la pili ni matarajio. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli vizuri zaidi, na umbo la misuli hubaki nyuma. Mabadiliko ya kuonekana kwenye kioo kwa kawaida yanadai wiki 8 hadi 12. Anayejitazama kila siku kwa wiki 3 anatafuta kitu ambacho bado hakijaja, wakati pushapu zimetoka 4 hadi 9 na yeye hajaziandika.

Tatu, labda kweli umekwama, kwa sababu unarudia mzigo uleule. Mwili ukishauzoea hauna sababu ya kubadilika. Tumia kiwango cha marudio 8 hadi 12 kwa seti 3. Baki na kilo zilezile mpaka seti zote 3 zifike 12, ndipo uongeze kilo 2.5 na urudi 8. Kama huna vyuma vidogo, teremka kwa sekunde 3 badala ya 1, au sogea kwenye aina ngumu zaidi ya zoezi hilo: pushapu za mezani ziwe za kwenye kiti imara, kisha sakafuni.

Mwisho angalia chakula na kulala. Kwa anayejenga misuli, protini ya takribani gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku inatosha. Mtu wa kilo 70 ni gramu 112, igawanywe kwenye milo 3 au 4. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Usingizi usipungue saa 7.

Dalili: kila kipindi kizito kuliko kilichopita

Kilo ulizozimudu wiki mbili zilizopita zimekuwa milima, unalala vibaya ingawa umechoka, kila neno linakuudhi, na mapigo ya moyo ya asubuhi kabla hujatoka kitandani yamezidi kawaida yako kwa 5 hadi 10 siku kadhaa mfululizo. Hapa ari imeshuka kwa sababu mwili haujarudishiwa ulichoutoa, na kujihimiza zaidi kunazidisha tatizo.

Dawa si kuacha kabisa. Kwa wiki 1 punguza seti ziwe nusu, kilo zipungue kwa asilimia 10, siku zibaki zilezile ili mazoea yasivunjike. Ukirudi na nguvu, chanzo kimejulikana. Kuanzia hapo weka wiki nyepesi kama hiyo kila baada ya wiki 4 hadi 8. Isiposaidia ndani ya wiki 2, rudi kwenye sehemu ya magonjwa hapo juu. Usisahau kwamba mwili hautofautishi sana uchovu wa jimu na uchovu wa mitihani, mtoto mchanga au zamu za usiku. Ratiba iliyokufaa mwezi mtulivu inaweza kukuzidi mwezi wenye msukosuko bila wewe kuongeza hata rudio moja.

Dalili: kiungo kinauma

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Goti linalouma linazuia baadhi ya mazoezi ya goti, na wengi hulifanya lizuie kila kitu. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili, kinyume chake, ni kujifanya haliumi.

Tumia kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10 mara tatu: wakati wa zoezi, jioni yake, na asubuhi inayofuata. Maumivu ya 0 hadi 2, endelea. Maumivu ya 3 hadi 5 yanavumilika iwapo asubuhi yamerudi pale yalipokuwa kabla ya kipindi. Yakiamka juu zaidi, kiasi kilizidi, punguza. Zaidi ya 5, au ukianza kuchechemea na kubadilisha mwendo, simama hapo hapo. Kipimo cha asubuhi ndicho watu wanachokiruka, nacho ndicho kinachosema ukweli, kwa sababu kiungo kikipata joto huficha maumivu.

Kupunguza kuna mpangilio. Anza na idadi ya seti, halafu kilo, halafu kasi na mirukoruko, kisha umbali wa kushuka. Skwoti kamili ikiuma, jaribu kukaa na kusimama kwenye kiti kirefu. Mara nyingi zoezi lina sura moja isiyouma. Itafute kabla hujalifuta.

Kano, hasa ile ya kisigino na ya chini ya goti, zina tabia yake. Hupona polepole na hazipendi kukaa bure. Daktari wa Sweden Håkan Alfredson alichapisha mwaka 1998 utaratibu wa kano ya kisigino unaotumika mpaka leo: kusimama kwa ncha za miguu pembeni mwa ngazi, kuteremsha kisigino taratibu kwa mguu unaouma, seti 3 za marudio 15, goti likiwa limenyooka, kisha seti nyingine 3 goti likiwa limekunjwa kidogo, mara 2 kwa siku, kwa wiki 12. Unapanda kwa mguu usiouma, unashuka kwa ule unaouma. Tunautaja ili uone muda wake: wiki 12. Anayepumzisha kano siku 10, akajisikia nafuu, akakimbia kama zamani, atakuwa pale pale baada ya wiki moja, na atadhani mwili wake ni mbovu.

Upande usioumia uendelee na kazi. Kukifanyia mazoezi kiungo kimoja huongeza kiasi fulani cha nguvu kwenye cha upande wa pili kupitia mfumo wa fahamu, kwa hiyo mkono uliofungwa bendeji unafaidika na kazi ya mwenzake. Kinachobaki ni kulinda saa yako. Kama Jumanne jioni ilikuwa ya kukimbia, iwe ya mazoezi ya mikono ukiwa umekaa, lakini Jumanne jioni isipotee.

Kurudi kwenye mbio kuwe na mtihani. Tembea dakika 30 haraka bila maumivu, ruka kwa mguu ulioumia mara 10 bila maumivu, ndipo uanze ile dakika 1 ya kukimbia kwa 2 za kutembea. Maumivu kwenye mfupa sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, maumivu yanayokuamsha usiku, goti linalofyatuka, uvimbe usioisha, ganzi: hayo ni ya daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Dalili: umekaa nje wiki nyingi na kurudi kunatisha

Hofu hapa hutokana na kudhani umepoteza kila kitu. Uwezo wa pumzi ndio unaoondoka mapema. Katika utafiti wa Edward Coyle na wenzake wa mwaka 1984, wanamichezo waliozoea mazoezi ya pumzi (yanayojenga uwezo wa pumzi, kama mbio) walipoteza takribani asilimia 7 ndani ya siku 21 za kukaa. Nguvu za misuli hukaa zaidi, na wiki 3 hazizipunguzi sana. Na kilichowahi kujengwa hurudi kwa muda mfupi kuliko kilivyojengwa mara ya kwanza.

Hatari halisi ni kurudi kwa namba za zamani. Vyama viwili vya makocha wa nguvu nchini Marekani, CSCCa na NSCA, vilitoa mwaka 2019 kanuni ya 50/30/20/10 kwa wanamichezo wanaorudi: wiki ya kwanza punguza kazi kwa asilimia 50, ya pili 30, ya tatu 20, ya nne 10. Inafaa kwa mtu yeyote. Tuseme ulikuwa unafanya seti 4 za marudio 8 kwa kilo 60, yaani kilo 1,920 kwa jumla. Wiki ya kwanza fanya seti 3 za 8 kwa kilo 40, ambazo ni 960. Ya pili seti 4 za 8 kwa kilo 42.5. Ya tatu kilo 47.5. Ya nne kilo 55. Mkimbiaji wa dakika 120 kwa wiki atakwenda 60, 84, 96, 108. Wiki ya kwanza itaonekana nyepesi mno. Iache iwe hivyo.

Ukitoka kwenye ugonjwa, homa ni katazo kamili, kwani mazoezi wakati wa maambukizi yanaweza kuhatarisha moyo. Mafua ya puani tu, bila homa wala maumivu ya mwili, yanaruhusu kutembea. Subiri homa iishe bila dawa, siku nzima ipite, kisha anza na kutembea dakika 20.

Kama kinachokuja ni kipindi cha shughuli nyingi unachokiona kwa mbali, usisubiri kikuangushe. Robert Hickson na mwenzake walionyesha mwaka 1981 kwamba waliofanya mazoezi ya pumzi siku 6 kwa wiki, wakapunguza hadi siku 2 huku ukali ukibaki uleule, walitunza uwezo wao kwa wiki 15. Punguza siku, punguza dakika, usipunguze ukali.

Dalili: umechoshwa tu

Badilisha zoezi, usibadilishe saa. Baada ya wiki 6 hadi 8 ondoa mazoezi 2 kati ya 5 uweke mengine ya misuli ileile. Kama tatizo ni upweke, tafuta mtu mmoja wa siku moja kwa wiki. Kundi la watu kumi kwenye simu hukuacha uende kimya bila yeyote kugundua.

Dalili: hakuna kinachokuvutia, si mazoezi peke yake

Kama kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, huna furaha, chakula na usingizi vimebadilika, na mambo uliyoyapenda hayana ladha, tatizo hilo haliko kwenye ratiba ya mazoezi. Zungumza na daktari au mshauri nasaha, na mwambie mtu wa karibu leo. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, tafuta msaada sasa hivi. Mazoezi mepesi yanaweza kusaidia pamoja na matibabu, na kwa siku hizo kipimo kiwe kutoka nje ya mlango na kutembea dakika 10, bila kuandika kilo wala kasi.